Mwanafunzi wa Mazoezi

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa zahanati amesema niandike presha yangu kila asubuhi kabla ya chai. Haya, naandika: juu 152, chini 94. Mashine aliyoninunulia mwanangu inaniminya mkono kama ina kisasi nami. Muuguzi akasema tena niandike na lililonikasirisha siku hiyo, ili ajue presha inapandishwa na nini. Msichana wa watu hajui alichokiomba. Daftari hili halitatosha.

Leo lililonikasirisha ni mpangaji. Mwalimu, yaani mke wa mwanangu, amekuja na kijana mwembamba, begi moja mgongoni na jingine kifuani. Akasema, "Mama, huyu ndiye mkufunzi wa ule mfumo mpya wa shule. Atakaa chumba cha nyuma muhula huu." Kuulizwa kwanza, hakuna. Nyumba tumeijenga mimi na marehemu mume wangu tofali kwa tofali, lakini kuulizwa, hakuna. Nikasema karibu, kwa sababu kijana alikuwa amelowa na anatetemeka.

Nyumba hii sasa tuko wawili tu, mimi na Mwalimu. Mwanangu ni dereva wa lori, na tangu Desemba kila safari ikiisha anapata nyingine. Desemba ndipo alipokufa Chiriku, mjukuu wangu, binti yao wa pekee. Homa ya uti wa mgongo. Kitandani hakumaliza hata wiki. Tulimwita Chiriku kwa sababu asubuhi alianza kuongea kabla hajafungua macho. Alikuwa ametoka darasa la nne, mwaka huu angeingia la tano, na anayefundisha darasa la tano ni mama yake mwenyewe.

Shule zilipofunguliwa Januari, Mwalimu alivaa viatu, akachukua mkoba, akaenda kazini siku ya kwanza kabisa, kama mtu aliyetoka likizo. Chozi lake sijaliona mpaka leo. Hata moja.

Nimeandika. Muuguzi asome akitaka.

Jumanne, 4 Machi

Juu 148. Mvua ya jana haijakatika. Paa la jikoni linavuja palepale.

Alhamisi, 6 Machi

Juu 150. Kijana nimempa jina: Bonyeza. Ndilo neno analolijua.

Mafunzo yao yanafanyika shuleni, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, alasiri watoto wakishaondoka. Leo umeme umekatika huko, basi Bonyeza na Mwalimu wakaja kumalizia kwenye meza yangu, kwa kuwa kompyuta ile ya kukunja ina betri. Mimi nilikuwa upande wa pili nachambua maharage.

"Orodha ya darasa lako hii hapa," Bonyeza akasema. "Bonyeza jina. Umeona? Linafunguka. Kusoma, kuandika, hesabu, mahudhurio, maoni ya mwalimu. Ukimaliza unabonyeza Wasilisha. Ripoti inakwenda ofisini, na tukianza rasmi itafika mpaka kwenye simu ya mzazi."

"Kila muhula?" nikauliza.

"Kila Ijumaa, Bibi."

"Kila Ijumaa! Sisi ripoti ilikuja mwisho wa mwaka, na kipigo kilikuwa kimoja. Mnataka watoto wa watu wapigwe kila wiki?"

Bonyeza akacheka. Mwalimu hakucheka. Huyu hacheki wala halii.

"Sasa kwa mazoezi," Bonyeza akaendelea, "kila mwalimu achague mwanafunzi mmoja kwenye orodha yake. Mjazie alama zozote, za uongo, hazina shida, nitakuja kuzifuta. Ila mchague mtu ambaye hata ukikosea hakuna atakayekuja kukulalamikia."

Mwalimu akaitazama orodha. Nilidhani haoni vizuri, maana alisogeza uso karibu na kioo akatulia hivyohivyo. Kisha akasema, "Nimeshampata."

Nikabeba maharage yangu nikaenda jikoni. Mambo ya kazi yao hayanihusu.

Jumamosi, 8 Machi

Juu 151. Bonyeza amefua soksi kwenye beseni langu la unga. Nimempa vidonge vyake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mvua tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mashine imesema 171, na ya chini sitaki kuijua.

Jioni nilikuwa nakunja nguo, simu ikalia mlio wa meseji. Meseji zangu mimi ni za kampuni ya simu na za matapeli wanaosema nimeshinda gari. Nimesoma mpaka darasa la tatu, nasoma kwa kidole, lakini nasoma. Hii nainakili kama ilivyo:

"Mlezi, pokea ripoti ya wiki." Kisha jina lake, lile kamili la kwenye cheti. "Darasa la 5. Mahudhurio: siku zote. Kusoma 81. Kuandika 70. Hesabu 55. Maoni ya mwalimu: Ana juhudi, ila anaongea sana darasani."

Siku zote! Mtoto tuliyemfukia kwa mikono yetu amehudhuria siku zote.

Namba yangu ndiyo iliyoandikwa shuleni tangu alipoanza darasa la kwanza. Mwalimu Mkuu hakutaka mwalimu awe mlezi wa mtoto wake kwenye vitabu vya shule, alisema kutazuka ugomvi wa alama. Kwa hiyo kejeli hii imepiga hodi kwangu.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwalimu aliporudi sikumwonyesha. Si kwamba nilimhurumia. Hasira yangu niliiweka nzima, isimwagike njiani. Jumatatu shule itanijua mimi ni nani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelowa mpaka kwenye mifupa, na presha sikupima.

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu nilimkuta fundi viatu wa pale kona, amesimama, anapiga meza.

"Mwanangu kapata tatu! Tatu kwa mia! Nimemchapa Ijumaa ileile. Leo mwalimu wake ananiambia eti yalikuwa mazoezi! Sasa viboko nivirudishe vipi, Mkuu? Hebu nifundishe!"

Mwalimu Mkuu alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu. Aliponiona mimi, akaacha kufuta. Nikamwekea simu mezani. Akasoma, akakaa chini taratibu.

"Mama," akasema, "ni kosa letu. Karani alinakili rejista ya mwaka jana, akawapandisha wote darasa. Jina halikutolewa."

"Kosa lenu ni la jina. Alama nani kaweka? Hayo maneno nani kaandika?"

Bonyeza akaitwa. Akaapa kwamba meseji alikuwa amezizima, hakujua kuwa ukiwasilisha ripoti moja moja zinapenya. Nikamwambia kuapa hakutanisaidia, afungue mashine yake. Kumbe kila ripoti inabeba jina la aliyeijaza. Akafungua, akaliona, kisha akakigeuza kioo upande wake kama mtu anayeficha sahani. Nikajua kuna jambo.

Mlangoni sauti ikasema, "Ni mimi, Mama."

Mwalimu. Chaki mkononi.

Sikuwa tayari, na mimi nisipokuwa tayari maneno hunitoka yakiwa na makali. "Watoto wote hawa," nikamwambia, "ukamchukua yeye umfanyie mazoezi? Mwanao umemfanya ubao wa kuandika na kufuta?"

"Tuliambiwa tuchague ambaye hakuna atakayekuja kumlalamikia."

"Nimekuja mimi!"

Nikasema na mengine. Nilimwambia macho yake ni makavu kama jiwe la kusagia, nikamwambia mwanangu alioa sanamu. Mbele ya Mkuu, mbele ya kijana, mbele ya fundi viatu. Aliitazama chaki yake. Akasema, "Nina kipindi," akaondoka.

Fundi viatu alinifungulia mwavuli wake, akanisindikiza mpaka barabarani. Habari ya tatu kwa mia hakuitaja tena.

Jumanne, 18 Machi

Juu 168. Hatusemezani. Mezani kila mtu anajisogezea chumvi mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Juu 160. Mchana Bonyeza alikuja jikoni, akasimama pale mlangoni kama kuku aliyekimbia mvua.

"Bibi, nisamehe. Nimewatengenezea walimu darasa la bandia, watafanyia mazoezi huko. Na namba yako nitaifunga isipokee kitu tena."

"Na yeye amehamia kwenye hilo darasa la bandia?"

"Mwalimu? Bado. Nimemwambia. Anasema atahamia."

"Basi namba iache."

"Bibi?"

"Hukusikia? Iache. Nataka nione ujeuri wake utafika wapi."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Saa kumi meseji ikaja. Kusoma 78. Maoni: "Anasoma kwa sauti nzuri, ila anaruka mistari akiwa na hamu ya kujua mwisho."

Nimeisoma mpaka kidole kimechoka. Haya si mazoezi. Huyu ni Chiriku mwenyewe. Alikuwa akinisomea karatasi ya dawa yangu, anatoka "kijiko kimoja" anarukia "weka mbali na watoto," namkemea, anacheka, anarudia, anaruka tena.

Jumatano, 26 Machi

Juu 157. Njia ya kwenda shuleni imegeuka mto. Mwalimu amerudi na matope mpaka magotini. Nilikuwa nimeteleka maji ya moto. Sikusema ni yake. Ameyatumia.

Ijumaa, 28 Machi

"Wiki hii darasa limeanza sehemu. Anahesabu kwa vidole chini ya dawati akidhani simwoni."

Sehemu, yaani nusu na robo na theluthi. Chiriku hakuzifikia. Nilidhani Mwalimu anaandika anayoyakumbuka. Kumbe sivyo. Anamsomesha.

Niwe mkweli humu, muuguzi atanisamehe: tangu asubuhi nilikuwa naitazama ile simu.

Ijumaa, 4 Aprili

Juu 155.

Leo imekuja hivi: Hesabu 41. Arobaini na moja! Damu ikanipanda. Chakula kilipokaa mezani sikuvumilia, ukimya wa siku zote hizi ukakatikia hapo.

"Arobaini na moja ndiyo nini?" nikasema.

Mwalimu akainua uso. Alijua naongelea nini.

"Mama, sehemu zingemsumbua."

"Zingemsumbua nani? Mtoto aliyekuwa anagawa maembe kwa watoto wa mtaa mzima bila kumdhulumu mtu?"

"Kugawa maembe ni kitu kingine. Hakuwa na subira. Angeona tu namba juu ya namba, angezijumlisha zote, juu kwa juu, chini kwa chini. Wote wanaanza hivyo. Yeye angeng'ang'ania."

"Kwa sababu mwalimu wake hamwelekezi!"

"Namwelekeza, Mama! Anatazama dirishani!"

Alikuwa amesimama, kijiko mkononi, na uso umemwiva. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Bonyeza, ambaye anakula na sisi siku hizi, akachukua sahani yake akatoka nayo taratibu.

Mwalimu akakaa. Akaanza kusema huku anatazama kitambaa cha meza. "Kila asubuhi naita majina darasani. Nikifika pake naruka. Watoto wanajua kuwa naruka, wote wananyamaza hapo. Naruka kila siku, tangu Januari. Kwenye ule mfumo siku ile, jina lilikuwepo. Pale siruki."

Nilimwongezea mboga. Baadaye kidogo nikasema, "Angekaa na mimi jioni angezielewa."

"Labda," akasema. "Labda angefika hamsini."

Jumapili, 6 Aprili

Juu 146. Nimemwambia Mwalimu neno kuhusu siku ile ofisini. Si la kuomba radhi hasa. Nimemwambia nilikuwa nimelowa. Akasema, "Najua, Mama."

Ijumaa, 11 Aprili

Hesabu 52. Nilipiga ukelele huku jikoni: "Si nilikwambia!" Mwalimu akacheka akiwa huko sebuleni. Kisha nyumba ikawa kimya, mimi na mwiko wangu, yeye na madaftari yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Juu 159.

Bonyeza amerudi mchana uso umemshuka. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Atapita darasa kwa darasa, atahesabu vichwa, atalinganisha na mfumo. Kuna shule nyingine wamekuta majina ya watoto wasiokuwepo, wanafunzi hewa, wale wanaoandikwa ili shule ipate fungu kubwa la fedha. Walimu wa huko wamesimamishwa kazi.

"Za walimu wengine nimeshazifuta," akasema. "Zilikuwa alama za uongo kwa watoto waliopo. Lakini hii ya kwetu ni jina lenye mahudhurio ya wiki nzima nzima, na saini ya mwalimu ni ya mama yake. Mkaguzi hataona huzuni, Bibi. Ataona hewa."

"Si uzifute na hizo?"

"Alama naweza. Jina siwezi. Mwanafunzi hatoki kwenye mfumo mpaka mwalimu wake aandike sababu, na mlezi athibitishe. Inakuja namba kwenye simu ya mlezi. Bila hiyo namba hatoki."

Mlezi ni mimi.

Jumanne, 15 Aprili

Juu 163. Mwalimu alifungua kompyuta mezani akiwa peke yake. Nilipita nyuma yake na ufagio nikasoma. Sababu za kuondoka ni tatu, unachagua: kuhama, kuacha shule, kufariki. Alikuwa amechagua kuhama. Mashine ikamuuliza, shule aliyohamia?

Mkono wake ukabaki hewani.

"Andika basi," nikamwambia. "Ni shule gani hiyo, nimpelekee sweta, mvua hizi."

Ulimi wangu huu! Alikunja kompyuta, akaingia chumbani. Hakuupiga mlango. Ningefurahi angeupiga.

Ijumaa, 18 Aprili

Ripoti imekuja. "Amemweleza jirani yake dawatini jinsi ya kupata nusu ya robo." Nimeifuta, kisha nimetafuta jinsi ya kuirudisha. Hairudi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua usipime. Juu 158. Mwanangu amepiga akiwa barabarani, anauliza hali. Nikasema wazima.

Jumatatu, 28 Aprili

Juu 174.

Mkaguzi ni keshokutwa. Leo alasiri Mwalimu alikaa mezani, Bonyeza pembeni yake, na akachagua lile neno la tatu. Niliona anavyolichagua. Aliweka mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, akausukuma.

"Mama, namba inakuja kwako. Nisomee."

Simu ilikuwa chini ya paja langu. Ikatetemeka. Niliisikia kwenye mfupa.

"Haijaja," nikasema.

Bonyeza akasema namba huwa haikai, ikipita muda inakufa, akaomba nyingine. Ikatetemeka tena.

"Haijaja. Mtandao huo, mvua."

Akaomba nyingine. Mwalimu akageuka kunitazama. "Mama, mlio nausikia."

"Unasikia vibaya."

"Nitafukuzwa kazi, Mama."

"Nani alianza? Mimi ndiye niliyemwandika?"

"Ni mimi," akasema. "Na wewe ndiye uliyesema namba iachwe."

Nikamkata jicho Bonyeza, akaangalia vidole vya miguu yake. Nikaondoka na simu yangu. Nimekaa kitandani, naandika.

Mimi niliyemwita mwenzangu sanamu! Yeye kaweza kulichagua lile neno. Mimi nimeshindwa kusoma tarakimu. Ijumaa ikija na simu isilie, nitafanya nini na saa kumi?

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi nilitoka kununua sabuni. Dukani nikakuta wanaongea. Muuza duka hakuniona, nilikuwa nyuma ya magunia.

"Na shule yetu eti nayo ina mwanafunzi hewa," anamwambia mteja. "Darasa la tano. Mkaguzi anakuja kesho, kuna mtu atalia."

Hewa. Mjukuu wangu.

Nilitoka nyuma ya magunia. Yule bwana alipoona ni nani, alitamani ardhi impokee. Nikamwambia, "Huyo hewa nimembeba mgongoni mpaka alipojua kutembea, na mgongo mpaka leo unauma. Hewa haiumizi mgongo." Sabuni nikaiacha.

Njia nzima narudi nilikuwa naliwaza neno hilo. Kesho mkaguzi ataandika kwa kalamu yake kwamba mtoto yule alikuwa uongo wa shule. Mama yake ataitwa mwizi, na yeye ataitwa hewa, na iliyobaki itakuwa hiyo. Basi aandikwe amekufa. Aliyekufa aliishi. Hewa haijaishi.

Mwalimu alipotoka kazini nilikuwa nimeshakaa mezani, simu mbele yangu, miwani usoni. "Mwite kijana," nikasema. "Fungueni hicho kitu."

Akafungua. Akachagua neno lile tena. Mashine ikauliza tarehe ya kifo. Jana Bonyeza alikimbilia kuomba namba, huku hatukufika. Mwalimu aliweka vidole juu ya herufi na vidole havikwenda popote. Bonyeza akawa anatazama ukuta.

"Kumi na tisa Desemba," nikasema. "Andika, mwanangu. Kumi na tisa."

Akaandika.

Chini kulikuwa na nafasi nyeupe: maoni ya mlezi.

"Hiyo huwa haijazwi na mtu, Bibi," Bonyeza akasema. "Unaweza kuiruka."

"Nani amekwambia nitaruka? Mwalimu, andika ninavyosema, usinirekebishe. Andika hivi: Huyu alikuwa mtoto wa kweli. Alisoma hapa mpaka darasa la nne. Alama za muhula huu aliandikiwa na mama yake kwa sababu ya uchungu, si kwa sababu ya fungu la shule, na mimi bibi yake nilijua nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuzisoma. Mwenye la kuuliza aje aniulize mimi."

Akaandika yote. Hakurekebisha hata neno. Kisha simu ikatetemeka juu ya meza, mbele ya macho yetu sote.

Nikaweka kidole chini ya namba ya kwanza. Nilisoma moja moja, kwa sauti, kama tulivyofundishwa. Saba. Sifuri. Nne. Nne. Tisa. Kila nikisema, Mwalimu anagusa. Ya mwisho nilikaa nayo kidogo. Hakuniharakisha.

"Mbili," nikasema.

Jina likatoka. Waliobaki wakapanda kujaza nafasi yake, na orodha ikawa kama haijawahi kupungua.

Hapo ndipo Mwalimu alipolia. Si kilio cha watu kusikia. Alilaza shavu juu ya zile herufi za kompyuta, na mashine ikawa inaandika yenyewe herufi moja, mstari kwa mstari, ukurasa mzima. Bonyeza akanyoosha mkono kuivuta mashine yake. Nikaupiga ule mkono.

"Acha iandike," nikamwambia.

Jumatano, 30 Aprili

Juu 149. Mkaguzi amekuja na kuondoka. Alihesabu darasa la tano, vichwa na majina vikalingana. Lakini rekodi ya zamani aliiona, na maoni aliyasoma. Mwalimu amepewa onyo la maandishi, litakaa kwenye faili lake. Kazi anayo. Anasema mkaguzi aliuliza, "Huyu bibi yupo hapa karibu?" na Mwalimu Mkuu akamjibu, "Yupo, mzee, ila nakushauri usimwite."

Leo asubuhi, anasema, aliita majina darasani toka la kwanza mpaka la mwisho. Alipofika pale alisimama, akawaambia watoto kwa nini huwa anaruka. Aliwaambia kwa jina lake. Msichana mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, alikuwa na rula yangu." Wakacheka wote, naye pia.

Ijumaa, 2 Mei

Juu 147. Mvua imepungua, ni manyunyu tu.

Saa kumi ilifika. Nilikuwa sebuleni, Mwalimu anasahihisha madaftari. Ilipita.

Baadaye kidogo mwanangu akapiga. Akaanza na barabara, madaraja, matairi, kama kawaida yake, anapita pembeni ya kila kitu. Nikamwambia, "Ngoja," nikampa simu mke wake.

"Tumemtoa kwenye orodha," Mwalimu akamwambia. "Mimi na Mama."

Kisha hakusema tena, na kule nako hakukusemwa kitu. Nilisikia lori limezimwa. Mwalimu alikaa hivyo, simu sikioni, macho yamefumbwa, wote wawili wananyamaziana, na salio la mwanangu linateketea. Nikatoka nje, nikawafungia mlango.